Muulize Fundi: Kioo Kinachopasukia Kona Ileile

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Walukuba hapa Jinja, kwenye nyumba aliyotuachia baba mkwe. Dirisha la chumba cha watoto limenishinda. Ni la chuma, la zamani, lina vioo vinne, na kile cha chini kushoto kimepasuka mara tatu ndani ya miaka miwili. Mara ya kwanza tulisema ni mpira. Mara ya pili nilimchapa kijana wangu wa miaka tisa, kwa kuwa siku hiyo alikuwa nje anacheza na wenzake, na yeye analia kwamba hakukigusa. Mara ya tatu ilikuwa mwezi uliopita. Watoto wote walikuwa shule, mimi niko jikoni, sikusikia kishindo chochote. Nilipoingia kufunga pazia nikakuta ufa umetoka kwenye kona umepanda juu kama mstari wa kalamu. Fundi aliyekiweka anasema watoto wangu ni watundu. Kipande kimoja kimeshaanguka, nimebandika nailoni, na jioni visubi wa ziwani wanaingia mpaka taa haionekani, achilia mbali mbu. Nimepima tundu, ni sentimita 45 kwa 60. Je, nikinunua kioo kinene zaidi kitadumu? Na je, naweza kukiweka mwenyewe? Maana kila anayekuja analipwa, na kioo kinapasuka tena.
Mama wa wanne, Walukuba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale penye kijana wa miaka tisa. Ya kioo nitakujibu yote, lakini tuanze na yeye, kwa sababu ufa ulionieleza haukuletwa na mpira.

Kioo kikipigwa kinabaki na alama ya kupigwa. Pale jiwe au mpira ulipogonga pana kitovu, na kutoka hapo nyufa hutawanyika pande zote kama utando wa buibui. Kioo kilichobanwa hakina kitovu. Ufa wake huanzia ukingoni, penye chuma, ukiwa mmoja au miwili, ukapanda kwa kupindapinda, na unaweza kutokea usiku wa manane watu wote wamelala. Wewe umeandika “kama mstari wa kalamu” kutoka kwenye kona. Huo ni ufa wa kubanwa. Na kama ule wa mara ya pili ulitoka kona hiyohiyo kwa namna hiyohiyo, basi fimbo ile ilimwangukia mtoto bure. Mwite, mwoneshe ufa, mweleze ulikotoka, umwombe radhi. Wa miaka tisa anaelewa, tena hasahau.

Nilianza kazi hii mwaka 1983, kijana wa kubeba vioo katika duka la vifaa vya ujenzi pale Main Street. Aliyenifundisha alikuwa mzee wa Kinubi aliyetoka Bombo, mtu wa maneno machache. Tukifika kwenye nyumba ya mtu, mimi naharakia patasi, yeye ananishika mkono: “Kwanza soma ufa.” Tunasimama mbele ya dirisha bovu kama watu wanaosoma tangazo ukutani. Mwenye nyumba anakereka, anadhani tunapoteza muda ili tumtoze zaidi. Lakini mzee alikuwa akitoka pale anajua kama tatizo ni la kioo au la fremu, na mteja wake hakumwita tena kwa dirisha lile. Miaka 40 imepita na bado naona mafundi wanabandua kioo kilichopasuka na kusukuma kingine mahali pale pale, bila kuuliza cha kwanza kiliuawa na nini.

Chako kinauawa na kutu. Nasema hivyo bila kuliona dirisha lako, kwa sababu nyumba za Walukuba nazifahamu. Nyingi zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi enzi zile bwawa la Owen Falls linajengwa na viwanda vya Jinja vinaanza kuinuka, na bwawa lenyewe lilifunguliwa mwaka 1954. Hesabu umri wa chuma hicho, miaka 70 ya mvua zinazotoka ziwani. Maji ya mvua hushuka kwenye kioo, hukusanyika chini, na pati, lile donge laini linaloshikiza kioo kwenye fremu, ikishapata nyufa yanaingia nyuma yake na kukaa kwenye kona. Hapo hayatoki upesi, jua halifiki.

Watu wanadhani kutu ni uchafu unaokaa juu ya chuma. Sivyo. Chuma kikishikwa na maji na hewa kinageuka kuwa kitu kingine, na kitu hicho kinataka nafasi kubwa kuliko chuma kilichokizaa, mara kadhaa zaidi. Kutu ya nondo inapasua zege, hilo umeliona kwenye nguzo za magorofa ya zamani. Sembuse kioo cha milimita 3. Kutu inavimba nyuma ya pati kidogo kidogo, inasukuma ukingo wa kioo, kioo hakina pa kukimbilia. Siku moja kinasalimu amri, na wewe uko jikoni.

Kwa hiyo kioo kinene hakitakuokoa. Weka cha milimita 6, kutu itakisukuma vilevile, na utakuwa umelipia zaidi. Milimita 4 inatosha kabisa kwa tundu lako. Fedha ya ziada iweke kwenye brashi ya waya na rangi ya kuzuia kutu.

Kabla hujanunua chochote, kagua. Pitisha kidole juu ya chuma cha chini, ndani na nje. Ukikuta rangi imevimba kama malengelenge, ichome kwa ncha ya bisibisi. Yakitoka magamba ya kahawia, tabaka juu ya tabaka, umempata mwizi wako. Kisha angalia kama nondo za kuzuia wezi ziliongezwa baada ya vioo kuwekwa. Nimeona mara nyingi fundi wa kuchomelea anafanya kazi na vioo viko mahali pake: joto linapasua kile kilicho karibu, na cheche zinachoma vidoti kwenye vilivyobaki, vidoti vya chuma visivyotoka kwa sabuni wala kwa wembe. Kuchomelea kukihitajika, vioo vitoke kwanza.

Liko na kosa la tatu, na naona kama fundi wako alilifanya. Umepima tundu 45 kwa 60. Je, naye alikata kioo 45 kwa 60? Kama alilazimika kukigongagonga kwa mpini wa nyundo ili kiingie, basi kilianza kufa siku hiyohiyo. Kioo hakitakiwi kugusa chuma mahali popote. Chuma kinatanuka juani kuliko kioo, fremu nayo inatikisika kila mlango ukibamizwa. Kioo kinachokaa kifuani mwa chuma kinasubiri tu siku.

Sasa swali lako la pili, kama unaweza kukiweka mwenyewe. Unaweza. Kazi hii haitaki nguvu, inataka utulivu wa mkono na kutokuharakia, na nimewafundisha wasichana wawili ambao pati yao imenyooka kuliko yangu. Kioo chako kitakuwa na uzito usiofika kilo 3. Ila kwa kuwa chumba ni cha watoto, na rangi ni ya zamani, kuna jambo nataka ulishike kabla ya yote. Rangi nyingi za miaka hiyo zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto, linaharibu akili inayokua. Usiikwangue kavu, wala usiichome kwa moto. Ilowanishe kwa maji, kwangua ikiwa mbichi, na ufute sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Watoto wasiwepo siku hiyo, godoro na nguo zao zitoke chumbani.

Chagua asubuhi isiyo na dalili ya mvua. Vaa viatu vilivyofunika vidole, si sapatu, glavu nene, na miwani yoyote ya kukinga macho. Bandika selotepu pana kwenye kioo kilichobaki, mistari ya kukatana, ili kisimwagike. Kisha toa vipande ukianzia juu. Hili usilisahau. Ukitoa cha chini kwanza, cha juu kinakosa cha kukizuia na kinashuka kama panga. Nina kovu kwenye kiganja cha kushoto la mwaka wangu wa kwanza kazini. Vipande vifunge kwenye magazeti kadhaa, viingie kwenye boksi gumu, andika juu KIOO kwa herufi kubwa. Visiende kwenye jalala wanakopita watoto pekupeku, wala visitupwe chooni, kwa maana iko siku shimo litajaa na mtu ataingiza mikono yake kulisafisha.

Pati ya zamani inakuwa ngumu kama jiwe. Itoe kwa patasi ya zamani na nyundo ndogo, ukiipiga sambamba na chuma, si kuelekea ndani, na uwe na subira nayo. Hapa ndipo mafundi wa haraka wanapokosea: wanatoa ile ya mbele inayoonekana, ya nyuma wanaiacha, na kioo kipya kinakaa juu ya mawe. Toa yote, mpaka uone chuma kitupu pande zote nne za kikalio, yaani ile ngazi ndogo ambayo kioo hukalia. Ukikuta klipu ndogo za waya kwenye matundu ya fremu, zihifadhi, utazitumia tena.

Halafu kutu. Na hapa, mwanangu, ndipo kazi yote ilipo. Lowanisha, sugua kwa brashi ya waya mpaka magamba yaishe, malizia na msasa, kisha pangusa na uache pakauke vizuri. Chuma kikiwa kimeliwa mpaka umekitoboa kwa bisibisi, usikijaze pati ukadhani umetibu. Hapo ita fundi wa kuchomelea aweke kipande kipya, vioo vikiwa havipo. Kama chuma bado kizima, paka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, tabaka mbili, hasa kwenye kona ile, na uiache ikauke kama kopo linavyoelekeza. Siku hiyo hutaweka kioo. Funga tundu kwa plaiwudi au nailoni mpya, visubi wavumilie siku moja zaidi.

Kupima: usiamini kipimo kimoja. Pima upana chini, katikati na juu, na urefu kushoto, katikati na kulia. Tuseme upana unakupa milimita 452, 450 na 449. Chukua ndogo kuliko zote, 449, toa 4, agiza 445. Urefu ukikupa 600 kama ndogo, agiza 596. Hizo milimita 4 ni mbili kila upande, nafasi ya kioo kupumua. Pima pia kutoka kona hadi kona, mara mbili kwa kukatana. Vipimo viwili vikilingana, tundu limenyooka. Visipolingana, kata boksi la karatasi ngumu liwe na umbo la tundu, ulipunguze milimita mbili kila ukingo, uende nalo dukani liwe kielelezo. Na uandike “upana” na “urefu” kwa maneno. Karatasi yenye namba mbili tupu imeharibu vioo vingi.

Kukata waachie wenye duka. Ukitaka kujua kama mkataji ni mzuri, sikiliza. Kigurudumu chake cha kukatia kinapita mara moja tu, kwa sauti moja iliyonyooka, kisha kioo kinavunjwa papo hapo. Anayerudia mstari mara mbili anatengeneza ukingo wenye meno, na ufa hupenda kuanzia kwenye jino. Mwombe apitishe jiwe la kunolea kwenye kingo nne. Wakati wa kurudi, kioo kisimame wima, kamwe kisilazwe, na kisipande boda boda mikononi mwa abiria. Nimeshuhudia ajali moja ya namna hiyo kwenye barabara ya Iganga na sitaki kuieleza hapa.

Pati nayo ina aina. Ile ya kawaida ni unga laini wa jiwe la chokaa uliokandwa kwa mafuta ya mbegu za kitani, na inashika vizuri kwenye mbao kwa kuwa mbao hunywa sehemu ya mafuta. Chuma hakinywi mafuta. Dirisha la chuma linataka pati iliyotengenezwa kwa ajili ya chuma, ambayo hukauka yenyewe. Soma kopo, au uliza. Ukishauriwa utumie gundi ya silikoni, ile inayonuka siki usiikubali kwenye chuma, kwa sababu siki hiyo ndiyo inayoanzisha kutu tunayopambana nayo.

Kanda pati mikononi kama unavyokanda unga wa chapati, mpaka ilainike na isipasuke ukiikunja. Ikishika vidole sana ina mafuta mengi. Izungushe juu ya gazeti, gazeti litayanywa. Tandika tabaka jembamba kwenye kikalio chote, pande nne, bila kuacha pengo. Kisha kata vipande viwili vidogo vya mpira wenye unene wa milimita 2 hivi, mpira wa ndani wa baiskeli uliokunjwa unafaa, uviweke kwenye chuma cha chini, kimoja yapata sentimita 11 kutoka kila kona. Kioo kitakalia hivyo viwili, hakitakalia chuma. Ni vipande viwili vya mpira wa bure, na sijui kwa nini hawa wenzangu hawaviweki.

Nondo zako bila shaka ziko ndani, kwa hiyo kioo kitaingilia nje. Kikalishe chini kwanza, kisha kiegemeze juu, na ukibonyeze kwa vidole ukipita kandokando tu. Usibonyeze katikati, katikati ndipo kinapovunjika. Pati ya nyuma itachomoza ndani kidogo, na iliyobaki kati ya kioo na chuma iwe na unene wa milimita 2 au 3. Rudisha klipu. Kwenye madirisha yaliyochomelewa mitaani siku hizi klipu hazipo, na mimi hutoboa matundu manne madogo nikapitisha waya. Kisha jaza pati ya mbele, uivute kwa kisu kilicholowa maji, kwa mlalo wa nyuzi 45 unaotiririsha maji nje. Jambo dogo ambalo macho ya wengi hayalioni: pati ya nje iishie milimita 2 chini ya ukingo wa chuma unaouona kutoka ndani. Kwa nini? Kwa sababu baadaye rangi itapanda juu ya pati mpaka iguse kioo chenyewe kwa hizo milimita 2, na huo mstari mwembamba wa rangi ndio mlango unaoyafungia maji nje. Pati isiyopakwa rangi hupasuka, maji huingia, na tunarudi kwenye kona ileile.

Rangi isubiri wiki mbili hivi, mpaka pati ishike ngozi na isibonyee kwa kidole, lakini usipitishe mwezi. Hapo katikati usioshe dirisha, na uwaambie watoto wasiubamize mlango wa chumba.

Mwisho wa hili, vile vioo vitatu vilivyobaki. Ukiviangalia kwa pembeni ukaona miti ya nje inacheza kama iko majini, hivyo ni vioo vya zamani, vilivyotengenezwa kwa kuvutwa. Kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilitangaza mwaka 1959 namna ya kukimimina kioo juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka kikatoka kimenyooka, na ndicho kinachouzwa leo. Wapo watakaokuambia mawimbi hayo yanatokana na kioo kutiririka chini kwa uzee. Kioo hakitiririki, kilizaliwa hivyo. Kama ni vizima usivibadilishe, ila chunguza kutu nyuma ya kila kimoja kabla ya mvua za Machi.

SWALI: Fundi, niko Tororo. Nimelipia kioo cha milimita 4, sentimita 50 kwa 80, lakini mkononi nakiona chepesi. Mwenye duka anaapa ni 4. Sina kifaa cha kupimia unene. Nitajuaje?
Mwalimu, Tororo

JIBU: Mwalimu, nenda nacho kwa muuza nyama. Kioo cha kawaida, mita moja ya mraba kwa kila milimita moja ya unene, kina uzito wa kilo 2 na nusu. Kioo chako ni sehemu 0.4 ya mita ya mraba, na hesabu yake imekaa vizuri kabisa: kikiwa milimita 3 kitapima kilo 3, kikiwa milimita 4 kitapima kilo 4. Tofauti ya kilo nzima mzani wowote wa sokoni utaiona. Kifunge kwenye gazeti, na umwombe muuza nyama apanguse mzani.

Kikija kilo 3, rudi dukani kwa utulivu, mwoneshe mwenye duka hesabu. Huenda naye aliuziwa hivyo na aliyemletea. Watoto wa darasa lako wakijua hesabu hii, mafundi watakuwa waangalifu zaidi.

SWALI: Asalaam aleikum. Mlango wetu wa sebuleni una kioo mpaka chini karibu na sakafu. Kimepasuka, na mjukuu wangu ndiyo kwanza anajifunza kutembea, anajigonga kila mahali. Nimesikia kuna kioo kigumu kisichomkata mtu. Nimepata kipande kwa jamaa, je, unaweza kunikatia kiingie?
Bibi, Bombo

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Nimefurahi kwamba umemfikiria mtoto kabla ya mapambo. Hapo mlangoni, karibu na sakafu, kioo cha kawaida hakifai kabisa, kwa sababu kikivunjika kinatoa visu virefu.

Lakini kile kipande cha jamaa yako sitaweza kukikata, wala mtu mwingine asikudanganye. Kioo kigumu huchomwa kwenye tanuru mpaka karibu nyuzi 620 na zaidi, kisha hupozwa ghafla kwa upepo, na kuanzia hapo uso wake umebana na tumbo lake limevutika. Ukijaribu kukikata kwa kigurudumu cha kukatia, chote kinasambaratika kuwa punje ndogondogo kama chumvi ya mawe. Ndiyo maana hakimkati mtu vibaya. Na ndiyo maana kinakatwa na kutobolewa matundu kabla ya kuchomwa, si baada. Kwa hiyo unapima mlango wako kwa makini, unaagiza, unasubiri. Ukiona kungoja ni kurefu, uliza kioo cha tabaka mbili chenye utando wa plastiki katikati. Chenyewe kikipasuka vipande vinabaki vimeng'ang'ania utando, na kipo kinachoweza kukatwa na fundi mwenye uzoefu.

Kwa sasa, leo hii, toa kilichopasuka au ukifunike pande zote mbili kwa plaiwudi iliyopigwa skrubu, si misumari, kwani kishindo cha nyundo kitaangusha kilichobaki. Na kioo kipya kikishawekwa, bandika juu yake mkanda wa rangi kali, mistari miwili. Mmoja kwenye kimo cha macho yako, na mwingine chini, kwenye kimo cha macho ya mjukuu.